Kukata na Kung'arisha Kaboshoni kwa Mashine Mpya: Mwongozo kwa Anayeanza

Kaboshoni ni kito chenye mgongo wa kuba na tako bapa, kisichochongwa pande nyingi bali kusuguliwa mpaka uso wake wote uwe mpindo mmoja. Umbo hili hufaa mawe yasiyopitisha mwanga na yale yenye mistari au madoa, kama akiki, yaspi na obsidiani, na humfaa anayeanza kwa sababu halihitaji vyombo vya kupimia pembe. Mwongozo huu unamlenga mtu wa Nakuru, Gilgil, Kisumu au Kisii aliyepata mashine mpya ya magurudumu sita, na ambaye bado hajakata jiwe hata moja. Katika kazi hii ujuzi ulio mgumu kuliko wote ni kusoma mikwaruzo. Anayeujua atang'arisha jiwe hata kwa mashine duni, na asiyeujua atamaliza magurudumu ya bei ghali akibaki na mawe yenye ukungu.

Kuiweka mashine

Mashine ya kawaida ina mhimili mmoja unaobeba magurudumu sita yenye kipenyo cha inchi 6 au 8. Mawili ya kwanza ni magumu, na chembe zake za almasi zimeshikizwa juu ya chuma: namba 80 na namba 220. Manne yanayofuata yana sponji chini ya ngozi ya resini (gundi ngumu kama plastiki) iliyochanganywa na almasi, kwa hiyo hubonyea kidogo na kuufuata mpindo wa jiwe. Haya kwa kawaida ni namba 280, 600, 1200 na 3000. Namba hizi husomwa kama za msasa wa dukani, yaani kadiri zinavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo.

Kabla ya kuchomeka plagi, soma kibati kilichobandikwa kwenye mota. Mashine nyingi za aina hii zimeundwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni volti 120 na hetzi 60 (yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde), ilhali stima ya Kenya ni volti 240 na hetzi 50. Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi hetzi, kwa hiyo mota ya kawaida ya umeme wa AC iliyoundwa kuzunguka mara 1,725 kwa dakika itazunguka takriban mara 1,440 tu, na huenda ikapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Mwendo huo wa polepole haumzuii mtu kujifunza, bali joto la mota ndilo la kuchunguzwa: iguse kila baada ya dakika kumi katika siku za mwanzo. Mashine yenye mota ya DC na kidhibiti chake cha mwendo haina shida hii, mradi kidhibiti chenyewe kinakubali volti 240.

Kwa kuwa maji na umeme vitakuwa mezani pamoja, soketi iwe juu ya usawa wa maji, iwe na waya wa ardhi unaofanya kazi kweli, na ikiwezekana fundi wa stima afunge swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Waya wa mashine uache ulegee na kushuka chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone linalotiririka juu yake lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Maji ndiyo ulinzi wa jiwe, wa gurudumu na wa mapafu. Gurudumu la almasi lisisuguliwe kavu hata kwa sekunde chache, kwa maana joto huichoma resini na kuzilegeza chembe. Zaidi ya hapo, akiki, yaspi na kwozi ni silika ya fuwele, madini yale yale ya mchanga, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuurudisha nyuma. Maji hulituliza vumbi, lakini ukungu unaorushwa na gurudumu nao hubeba chembe, kwa hiyo vaa barakoa ya aina ya N95 au iliyo bora zaidi, ambayo imekaza usoni. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Tope lililokauka juu ya meza usilifagie, lipanguse kwa kitambaa chenye maji, na nguo za kazi zisichanganywe na nguo za watoto. Vaa miwani ya kinga na aproni ya plastiki, funga nywele, na usivae glavu, kwa sababu gurudumu huweza kuikamata glavu pamoja na mkono.

Magurudumu mapya huwa na chembe zinazojitokeza kupita wenzake, na pembe zake ni kali. Ukianza na jiwe zuri, chembe hizo zitachora mistari mirefu ambayo hutaelewa ilikotoka. Tafuta kipande cha akiki kisicho na thamani, uwe na maji mengi, kisha ukipitishe taratibu juu ya kila gurudumu, kutoka ukingo hadi ukingo, na uzilainishe pembe za yale manne ya resini. Kazi hii inachosha na mtu hutamani kuiruka. Asiiruke.

Kuchagua jiwe

Mkazi wa Nakuru atavutwa kwanza na obsidiani, kioo cheusi cha volkano kinachopatikana katika Bonde la Ufa kuanzia Naivasha na mlima Eburru hadi Gilgil na Elementaita. Ni jiwe lenye historia ndefu kuliko ya mashine yoyote: katika Kariandusi, eneo lililotambuliwa na kundi la mwanaakiolojia Louis Leakey mwaka 1928, kuna shoka za mkono za obsidiani zilizochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Kwa sababu hiyo hiyo, usiokote chochote Kariandusi wala Hyrax Hill. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inavilinda vitu hivyo, na kipande kinachoonekana kama takataka ya mawe kinaweza kuwa chombo cha kale. Mawe mengine nunua kwa muuzaji mwenye leseni na udai risiti, kwa kuwa biashara ya madini inaongozwa na Sheria ya Madini ya mwaka 2016.

Hata hivyo, obsidiani ina ugumu wa 5 hadi 5.5 tu katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, humeguka kama chupa, na uso wake mweusi huonyesha kila kosa. Jiwe la kwanza na liwe akiki. Ina ugumu wa 6.5 hadi 7, haimeguki ovyo, na mistari yake humsamehe mwanafunzi makosa madogo. Rubi ya Baringo au Pokot Magharibi, yenye ugumu wa 9, iache kwanza. Italila gurudumu lako la namba 80 kabla hujajifunza kulitumia. Nalo jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, ni laini mno kwa mashine hii: unga wake hujaa kwenye magurudumu, na wachongaji wa huko hulilainisha kwa msasa wa maji na mikono, njia ambayo hadi leo haijapata mshindani.

Kukata na kuchora

Ukipata jiwe zima, likatwe kwanza kuwa mabamba yenye unene wa milimita 6 hivi. Diski ya msumeno wa mawe haina meno. Ina ukingo wa almasi unaosaga polepole. Lishike jiwe imara, lisukume kwa nguvu ndogo isiyobadilika, na uuache msumeno ukate kwa kasi yake. Jiwe likipinda katikati ya mkato, diski hujikunja na haitanyooka tena. Mwenye mashine ya magurudumu pekee, asiye na msumeno, anaweza kununua mabamba yaliyokwisha kukatwa, na kwa maoni yangu huo ndio mwanzo ulio nafuu.

Lilowanishe bamba na kulichunguza pande zote mbili juani. Ufa huonekana kama mstari unaobaki na unyevu baada ya sehemu nyingine kukauka, kwa sababu maji huzama ndani yake. Usichore juu ya ufa ukitumaini kwamba utakwisha, kwa maana mara nyingi jiwe hupasuka hapo hapo unapokaribia kumaliza. Chagua sehemu safi yenye mchoro unaokupendeza, kisha geuza bamba uchore duaradufu upande wa nyuma kwa kiolezo cha plastiki. Kipimo cha milimita 30 kwa 22 kinatosha kushikika vizuri vidoleni. Vipimo vya kawaida kama hicho, au 25 kwa 18, vina faida nyingine: sonara wa Kisumu au Nairobi ataweza kukitia kito chako kwenye fremu iliyo tayari, bila kukitengenezea ya pekee.

Kalamu ya wino itafutwa na maji. Tumia kipande cha waya wa alumini, ule wa nyaya za umeme, ukiwa umenolewa ncha. Alama yake ya kijivu hudumu juu ya jiwe lililolowa.

Kusaga umbo

Punguza pembe za bamba kwa msumeno hadi zibaki milimita 2 nje ya mstari, kisha uende kwenye gurudumu namba 80 ukiwa umeelekeza upande wa nyuma juu ili uuone mstari. Shika jiwe kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimeegemea meza, na uligusishe chini kidogo ya usawa wa mhimili, ili likiponyoka lianguke kwenye beseni badala ya kurukia uso. Lizungushe bila kusimama, kwa sababu ukitua mahali pamoja utapata upande ulionyooka katika duara. Simama mstari unapoanza kuguswa. Hatimaye punguza kidogo ukingo wa nyuma kwa gurudumu namba 220, upana wa nusu milimita tu. Ukingo mkali ukiachwa hivyo utameguka, na vipande vyake vitachora mikwaruzo kwenye magurudumu laini.

Sasa jiwe libandikwe kwenye kishikio kwa upande wake wa nyuma. Njia ya zamani ni nta ya kubandikia, inayoyeyushwa juu ya taa ya spiriti na kupakwa kwenye kijiti cha mbao chenye unene wa kalamu, jiwe likiwa limepashwa joto ili nta ishike. Njia rahisi zaidi kwa akiki ndogo ni tone la supaglu juu ya kichwa cha msumari wa inchi 4. Kazi ikiisha, jiwe na msumari huloweshwa katika asitoni mpaka gundi iachie. Hakikisha ni asitoni halisi, kwa kuwa dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha hazina asitoni hata kidogo. Aliyetumia nta atatia jiwe kwenye friza kwa muda mfupi, na nta itakauka na kujibandua.

Kuba haisagwi kwa kulizungusha jiwe ovyo mpaka lionekane la mviringo. Chora mstari kuzunguka ubavu, milimita 2 juu ya tako. Chini ya mstari huo hakuguswi, kwa kuwa hapo ndipo fremu itakaposhika. Kwenye gurudumu namba 80 saga ukanda wa kwanza kwa nyuzi 45 hivi, kuanzia juu ya mstari, ukizunguka jiwe lote kwa upana ulio sawa. Kisha saga ukanda wa pili ulio juu yake, ulalo wake ukiwa mdogo zaidi, na wa tatu unaokaribia kilele. Sasa jiwe lina ngazi tatu. Zifute kwa mwendo mrefu unaotoka ubavuni, ukapita kileleni na kushuka upande wa pili, huku kishikio kikizunguka vidoleni kama fimbo ya mpishi anayesukuma chapati. Kosa linalotokea sana ni kubakiza uwanja bapa kileleni, kwa sababu mwanafunzi huogopa kugusa katikati, na uwanja huo hauonekani mpaka jiwe linapong'aa, wakati ambapo taswira ya taa juu yake hupindika ghafla.

Kusoma mikwaruzo

Hapa ndipo muda wako mwingi unapaswa kutumika. Gurudumu namba 80 limeacha mifereji, na kazi ya 220 ni kuifuta yote na kuacha mifereji yake midogo; 280 inafuta ya 220, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Gurudumu la juu haliwezi kufuta mikwaruzo ya gurudumu lililo hatua mbili nyuma yake, ila kwa saa nyingi. Anayekimbilia namba 3000 kwa hamu ya kuona mng'aro atapata jiwe linalong'aa lenye mistari ndani yake, na itambidi arudi nyuma mpaka 220.

Usiliamini jiwe lililolowa, kwa sababu maji hujaza mikwaruzo na kuificha. Kausha jiwe kwa kitambaa, subiri kidogo, kisha liinamishe chini ya taa moja au kando ya dirisha ili mwanga ulipige kwa ubavu. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 itakusaidia sana, na ni chombo ambacho ningekinunua kabla ya gurudumu lolote la ziada. Tazama kuba yote: kilele, kisha mabega, kisha ukanda mwembamba ulio juu tu ya mstari wa ubavu, ambao wengi huusahau.

Ukiona mistari mingi midogo iliyofanana na inayokwenda upande mmoja, hiyo ni ya gurudumu ulilolitoka na ni ya kawaida. Ukiona mstari mmoja mrefu na mzito katikati ya iliyo midogo, huo ni wa gurudumu lililotangulia, na dawa yake ni kurudi huko. Mstari uliopinda, unaotokea ghafla baada ya jiwe kuwa safi, kwa kawaida ni wa chembe iliyopotea njia kutoka gurudumu jingine. Osha mikono, jiwe, kishikio na gurudumu lenyewe, kisha urudie. Vidoa vyeupe vilivyotawanyika kama vumbi, visivyotoka kwa kupanguswa, ni majeraha ya kukandamiza sana kwenye namba 80, na huwa na kina kuliko vinavyoonekana. Hivyo huondolewa na 220 peke yake.

Njia nzuri ya kupima ni kupaka kuba yote alama za waya wa alumini, kisha kupitisha jiwe mara chache kwenye gurudumu. Alama zitakazobaki zinaonyesha mabonde ambayo gurudumu halijayafikia. Badilisha pia mwelekeo wa kusugua unapohama: kama kwenye 220 ulikwenda kwa urefu wa jiwe, kwenye 280 nenda kwa upana wake, na mikwaruzo ya zamani itajitokeza kwa kukatiza ile mipya.

Usihesabu dakika, jiwe likikauka na mikwaruzo yake ikiwa ya namna moja, hama. Kwa kawaida 220 na 280 huchukua muda mrefu kuliko mengine yote yakijumlishwa, na kama hizo mbili zilifanywa vizuri, 600, 1200 na 3000 hupita upesi. Bonyeza kidogo zaidi kwenye 280, kisha upunguze nguvu kadiri namba zinavyopanda.

Mng'aro na kufunga kazi

Akiki ikitoka kwenye namba 3000 huwa tayari inaakisi dirisha. Mng'aro wa mwisho hupatikana kwa oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia, iliyochanganywa na maji ikawa kama uji mwepesi, kisha ikapakwa kwenye diski ya ngozi au ya manyoya yaliyoshindiliwa. Ng'arisho hutokea diski inapoanza kukauka na kulivuta jiwe kidogo, na wakati huo huo joto hupanda, kwa hiyo gusa na kuachia, gusa na kuachia, na ulijaribu jiwe shavuni. Likikuunguza, limezidi. Kazi imekamilika pale balbu iliyo juu ya meza inapoonekana kileleni ikiwa na ukingo mkali usio na ukungu.

Kabla ya kuzima mashine, funga maji kwanza, uache magurudumu yazunguke dakika moja au mbili bila jiwe. Usipofanya hivyo, maji hukusanyika chini ya sponji usiku kucha, na kesho gurudumu litazunguka kwa kutikisika. Stima ikipotea ghafla, jambo lisilo geni kwetu, kimbilia bomba la maji kabla ya kutafuta tochi. Tope la beseni usilimwage kwenye sinki, kwa maana hutulia katika mabomba na kuganda. Liache litulie ndooni, umwage maji ya juu nje, na tope lenyewe ulitie kwenye mfuko likiwa bado bichi.

Unaporudi kwa obsidiani

Baada ya akiki chache, kioo cha Eburru hakitakutisha tena, lakini hatua zake zinabadilika. Ruka namba 80 kabisa na uanzie 220 kwa mkono mwepesi, kwa kuwa 80 huchimba vijishimo vya umbo la mwezi mwandamo ndani ya kioo. Usitumie nta ya moto, maana joto la ghafla hulipasua. Supaglu na asitoni ndiyo njia salama. Makali ya vipande vyake hukata kuliko wembe, kwa hiyo okota mabaki kwa kibanio, wala si kwa vidole. Kwenye hatua ya mwisho tumia oksidi ya seriamu ile ile, kwa diski iliyo na unyevu zaidi kuliko ya akiki, na ulichovye jiwe kwenye maji ya vuguvugu badala ya maji baridi kila linapopata joto.